Maswali ya Karakana: Mashine Inapolia, Kihisi Kinasema Nini?

Barua kuhusu mitetemo ya mashine za milingi, yaani mashine zinazochonga chuma kwa kisu chenye meno kinachozunguka, zimekuwa nyingi miezi hii. Nimechagua nne ambazo zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, namna ya kuutambua kwa vihisi mtetemo unaoharibu kazi. Nimezipanga zifuatane kwa sababu jibu la kwanza linabeba mengine, na msomaji akilipitia kwa kalamu mkononi atayaelewa yanayofuata bila shida.

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mashine ya milingi ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, mjini Morogoro. Tunachonga pembezoni mwa vipande vya chuma laini kwa endimili (kisu cha milingi chenye umbo la fimbo) ya kabaidi yenye kipenyo cha milimita 16 na meno manne. Spindeli, yaani mhimili unaozungusha kisu, inazunguka mara 3,300 kwa dakika, meza inasogea milimita 660 kwa dakika, na kina cha kukata ni milimita 4. Tukitoa milimita moja tu ya pembeni hakuna tatizo, lakini tukizamisha nusu ya kisu mashine hulia mlio mkali na ukuta wa kipande hubaki na michirizi ya mshazari. Nilirekodi mlio huo kwa simu, na programu ya kuchora spektra (mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, Hz) ikaonyesha vilele kwenye 220 Hz, 440 Hz na 660 Hz, kimoja kirefu kuliko vyote kwenye 780 Hz, na vifupi viwili kwenye 560 Hz na 1,000 Hz. Tajiri wangu anataka kununua vihisi vya gharama kubwa. Je, vilele hivi vinasema nini, na vihisi hivyo tunavihitaji?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kurekodi kabla ya kununua. Usianze na kilele kirefu. Anza na vile ambavyo mashine nzima inatakiwa kuvitoa. Mizunguko 3,300 kwa dakika ni mizunguko 55 kwa sekunde, na kwa kuwa katika kila mzunguko meno manne huingia kwenye chuma kwa zamu, kipande chako kinagongwa mara 220 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 220 Hz uliyoiona. Vilele vya 440 na 660 ni mara mbili na mara tatu yake, na hata kisu kinachokata salama kabisa huvitoa, kwa sababu kila jino linapoingia linapiga. Kama jino moja lingekuwa limechomoza kuliko wenzake, au kisu hakijakaa katikati ya kishikizio, ungeona pia kilele kwenye 55 Hz. Hiyo yote ni mitetemo ya kusukumwa: mzunguko ndio unaoizaa, na mzunguko ukibadilika nayo inabadilika.

Sasa gawanya 780 kwa 220. Unapata takriban 3.55. Gawanya kwa 55, unapata 14.18. Masafa hayo si kigawe cha meno wala cha mzunguko, kwa hiyo hayakuletwa na mapigo ya kawaida ya kisu. Yametoka kwenye mwili wa mashine yenyewe, kwenye masafa ambayo kisu, kishikizio na spindeli hupenda kutetemeka vikiguswa, kama kengele inavyotoa sauti yake ileile hata uigonge kwa nini. Vilele vya 560 na 1,000 vinathibitisha jambo hilo, kwa sababu cha kwanza ni 780 ukitoa 220, na cha pili ni 780 ukijumlisha 220. Ni wafuasi wa kilele kikuu, na hujitokeza kwa sababu kisu cha milingi hukata kwa vipindi, jino likiingia na kutoka.

Huu ndio mtetemo ninaouita wa kujilisha, nao ni tofauti na mtetemo wa kusukumwa. Jino likitikisika linapokata, huacha ukuta wenye mawimbi madogo ambayo jicho haliyaoni. Jino linalofuata linayakuta mawimbi hayo, na kwa kuwa nalo linatikisika, unene wa randa la chuma linaloondolewa hubadilika kila wakati: mahali pengine nene, mahali pengine jembamba. Unene ukibadilika, nguvu inayosukuma kisu inabadilika. Nguvu ikibadilika, kisu kinapinda zaidi, na jino la pili linaacha mawimbi makubwa kuliko lililolitangulia. Chini ya kina fulani cha kukata mzunguko huo hujifia wenyewe. Ukipita kina hicho hukua mpaka jino linaruka nje ya chuma na kurudi kwa kishindo, na hapo ndipo mlio ule mkali unapozaliwa. Ndiyo maana kwa milimita moja ya pembeni hukusikia kitu. Mwaka 1907 Mmarekani Frederick Taylor, aliyetumia miaka mingi kujaribu ukataji wa chuma, aliutaja mtetemo huu kuwa miongoni mwa matatizo yenye giza na yanayohitaji uangalifu kuliko yote yanayomkabili fundi wa mashine. Chanzo chake kilikuja kuelezwa vizuri katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kazi za wahandisi kama Stephen Tobias na Jiri Tlusty.

Ukitaka kuhakikisha, punguza kasi hadi mizunguko 3,200 na urekodi tena. Kilele cha meno kitashuka kutoka 220 hadi karibu 213, na vigawe vyake vitashuka pamoja nacho. Kile cha 780 kitabaki jirani na pale pale. Kilele kinachohama pamoja na kasi ni cha kusukumwa. Kinachong'ang'ania mahali pake ni cha kujilisha. Ningependa kila fundi wa CNC aujue mtihani huu kabla hajafundishwa jambo lingine lolote kuhusu vihisi, kwa sababu wengi huhukumu kwa ukubwa wa kelele, ilhali kukata kwingine huwa na kelele nyingi na kuta zikatoka safi.

Namba hiyo ya 780 inakupa pia dawa. Zidisha 780 kwa 60, kisha gawanya kwa meno manne: unapata mizunguko 11,700 kwa dakika. Gawanya hiyo kwa 2, 3 na 4: unapata 5,850, 3,900 na 2,925. Kwenye kasi hizo, kati ya jino na jino kunaingia idadi kamili ya mawimbi, kwa hiyo mawimbi yaliyoachwa na jino la kwanza yanalingana na mtikisiko wa jino la pili, unene wa randa unabaki karibu sawa, na mtetemo unakosa chakula. Kasi yako ya 3,300 imeangukia karibu katikati ya 2,925 na 3,900, mahali pabaya kuliko pote. Watu wengi hudhani kupunguza kasi ndiko salama siku zote; mimi ningeanza na 3,900, kwa sababu nafasi salama huwa pana zaidi kadiri kasi inavyopanda. Kwa kisu cha milimita 16 hiyo ni kasi ya ukingo ya karibu mita 196 kwa dakika, kwa hiyo angalia kwanza kama katalogi ya kisu chako inaruhusu. Ukipandisha spindeli, pandisha na meza hadi milimita 780 kwa dakika, ili kila jino liendelee kuchukua milimita 0.05 kama sasa (kufanana kwa namba hii na masafa yale ni bahati tu). Rekodi tena. Kilele cha kujilisha kikirudi kwenye masafa tofauti kidogo, tumia namba mpya na urudie hesabu. Kikigoma kabisa, punguza kina.

Kuhusu manunuzi, mwambie tajiri asubiri. Maikrofoni ya simu husoma sauti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na hiyo inazidi mahitaji yako. Tangu mwaka 1992 watafiti Delio, Tlusty na Smith walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba maikrofoni inatosha kutambua na kudhibiti mtetemo huu. Zingatia mambo machache tu. Tumia programu inayorekodi sauti ghafi, kwa sababu programu za kupokelea maneno huchuja mngurumo usiobadilika kana kwamba ni uchafu, na mngurumo huo ndio unaoutafuta. Rekodi kwanza spindeli ikizunguka bila kukata, kompresa na mashine za jirani zikiwa zinafanya kazi, ili ujue vilele ambavyo si vyako. Kisha chambua angalau sekunde moja ya ukataji mfululizo: sekunde moja inakupa uwezo wa kutenganisha masafa yanayopishana kwa 1 Hz, nusu sekunde kwa 2 Hz. Simu isimame kwenye kishikilio mbali na maranda na maji ya kupoozea, isishikwe mkononi karibu na kisu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma ufundi mitambo katika chuo kimoja hapa Thika. Kwa mradi wangu nimebandika kihisi kidogo cha mchapuko (kasi inavyobadilika) kwenye jiliwa kwa mkanda wa gundi wenye sponji, na ninakisoma mara 1,000 kwa sekunde. Masikioni mashine inalia wazi, lakini mchoro wangu unaonyesha kilele cha meno peke yake, kimekuwa kirefu tu kuliko kawaida. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea mahali pawili, na la kwanza limewakosesha watu wengi waliokuzidi umri. Kihisi kinachosomwa mara 1,000 kwa sekunde kinaona kwa haki mitetemo iliyo chini ya 500 Hz tu, yaani nusu ya idadi ya masomo. Ya juu zaidi haipotei. Inakunjwa na kurudi chini ikiwa imevaa namba isiyo yake. Chukua mashine ya msomaji wetu wa Morogoro. Mtetemo wake wa 780 Hz ukisomwa mara 1,000 kwa sekunde utajitokeza kwenye 1,000 ukitoa 780, yaani 220 Hz, mahali palepale penye kilele cha meno! Mgonjwa amevaa nguo za mzima, na mchoro utasema kisu kinakata vizuri ila kwa nguvu kidogo. Sijui mashine yako inazunguka kwa kasi gani, lakini kilele cha meno kilichorefuka bila sababu hunifanya nishuku jambo hilo kabla ya lingine.

Kuchuja kwenye kompyuta baadaye hakusaidii, kwa kuwa masafa yakishakunjwa hakuna programu inayoweza kuyatenganisha. Kichujio kinatakiwa kiwe kabla ya ishara kugeuzwa kuwa namba, na usomaji uwe wa haraka zaidi. Kihisi kama ADXL345, ambacho wanafunzi wengi hukitumia kwa sababu ni cha bei nafuu, kinaweza kutoa masomo 3,200 kwa sekunde, yaani kuona hadi 1,600 Hz, lakini kwa kasi hiyo kinatakiwa kiunganishwe na kompyuta kwa njia ya waya iitwayo SPI. Kwa njia nyingine, I2C ya kilohezi 400, mwisho wake ni masomo 800. Kwa endimili nyingi za karakana 1,600 Hz ni mwanzo mzuri. Visu vyembamba hutetemeka juu zaidi ya hapo, na kwa hivyo ni bora ulinganishe mara kwa mara na sauti iliyorekodiwa kwa simu.

Kosa la pili ni mkanda. Sponji iliyo chini ya kihisi ni godoro: inameza mitetemo ya haraka na kuongeza mtikisiko wake yenyewe. Skrubu ndiyo bora kuliko vyote, gundi ngumu inafuata, kisha sumaku yenye nguvu iliyokaa kwenye uso uliosafishwa rangi na mafuta. Tena usikifunge kwenye jiliwa isipokuwa kipande chenyewe ni chembamba na kinanesa, kama ukuta wa sanduku. Mara nyingi kinachonesa ni kisu, na mahali pa kukisikilizia ni kwenye nyumba ya spindeli, karibu na beringi ya chini, kwa mielekeo miwili ya mlalo. Waya uukaze kwa kamba za plastiki kila sentimita chache. Waya unaocheza hutoa ishara ambayo haipo.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, karakana yangu iko Tanga. Mashine yangu ni ya zamani, ya mkono, yenye gia. Kasi ya juu kabisa ni mizunguko 1,200. Hesabu za kuchagua kasi hazinifai. Je, kihisi kitanisaidia chochote?

JIBU: Kitakusaidia kujua ugonjwa, ila tiba yako itakuwa nyingine. Kwenye kasi ndogo zile nafasi salama hubanana sana hivi kwamba gia moja na nyingine hazitofautiani kwa maana yoyote, ingawa una faida moja: kwa mwendo wa polepole mgongo wa jino husuguana na mawimbi na kuyapoza. Kwa hiyo shughulikia ugumu wa mashine. Tazama urefu wa kisu uliochomoza nje ya koleti, yaani kibano kinachokishika. Kunesa kwake hukua kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, kiasi kwamba kisu kilichochomoza milimita 100 hunesa karibu mara mbili ya kile kilichochomoza milimita 80. Kipenyo kina nguvu zaidi: kutoka milimita 16 hadi 20, kwa urefu uleule, kunesa hupungua kwa karibu mara mbili na nusu. Kaza pia breki za meza kwenye mwelekeo usiotumika, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Ukipata kisu ambacho meno yake hayakupangwa kwa nafasi sawa, kichukue, kwa sababu kila jino linakuta mawimbi yakiwa yamechelewa kwa kiasi tofauti na mtetemo unakosa mdundo wa kuufuata. Rekodi kabla na baada ya kila badiliko, moja kwa wakati mmoja, ili ujue lililokusaidia.

SWALI: Mhandisi, mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja Dar es Salaam. Tuliletewa kifaa cha kutambua mtetemo kinachowasha taa nyekundu mchapuko ukizidi kiwango. Kinawaka kila kisu kinapoingia kwenye chuma, na kikibadilishwa kiwango hakiwaki hata mashine ikilia. Vijana wamekizima. Muuzaji sasa anatushauri tuongeze kipimo cha mkondo wa mota na programu inayojifunza yenyewe. Tumsikilize?

JIBU: Vijana wako hawana kosa. Taa inayowaka bila sababu mara kumi kwa siku haisikilizwi mara ya kumi na moja, na kifaa kilichowafikisha hapo ndicho kilichoshindwa kazi. Kinapima ukubwa wa mtetemo peke yake, na ukubwa hutegemea kina, upana, aina ya chuma na hata makali ya kisu siku hiyo. Kiwango kinachofaa kwa alumini hakifai kwa chuma cha pua, na pigo la kuingia litazidi kiwango chochote cha maana.

Kinachotakiwa kupimwa ni uwiano. Chukua ishara, ondoa kila kilele kilicho kigawe cha mzunguko wa spindeli, kisha pima nguvu iliyobaki ni sehemu gani ya nguvu yote. Kisu kinapoingia, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huwa kwenye vigawe na uwiano unabaki mdogo. Mtetemo wa kujilisha ukianza, nguvu inahamia kati ya vigawe na uwiano unapanda haraka, mara nyingi kabla ukuta haujaharibika. Pigo la kwanza kabisa la kuingia lenyewe halijirudii, kwa hiyo amuru kifaa kisubiri mizunguko michache kabla ya kuhukumu.

Ipo njia nyingine ninayoipenda kwa urahisi wake. Funga karibu na spindeli kihisi kinachotoa mpigo mmoja kwa kila mzunguko, na soma mchapuko mara moja tu kwenye kila mpigo. Ukataji salama hujirudia mzunguko kwa mzunguko, kwa hiyo namba hizo zitakaribiana. Mtetemo wa kujilisha haupatani na mzunguko, kwa hiyo namba zitatawanyika, na mtawanyiko huo ndio unaowasha taa. Kwa mizunguko 3,300 unapata namba 55 kila sekunde, kazi ambayo kompyuta ndogo ya bei ya chini kabisa inaimudu.

Mkondo wa mota mimi nisingeununulia kazi hii. Uzito wa rota (sehemu ya mota inayozunguka) na vichujio vya invata (kifaa kinachoilisha mota umeme) hufifisha mabadiliko ya haraka, hivyo mtetemo wa mamia ya Hz unafika kwenye waya ukiwa umedhoofika sana. Mkondo unafaa zaidi kuonyesha kisu kilichochakaa au mzigo uliozidi. Programu zinazojifunza zina mahali pake, na baadhi hufanya vizuri sana, lakini huijua mashine iliyozifundisha tu. Iliyofundishwa kwa spindeli ya mwenye duka, kwa kisu chake na kishikizio chake, haina sababu ya kukielewa kiwanda chako, kwa hiyo muuzaji akubali kwanza kuifundisha na kuijaribu kwenye mashine zako, kwa kazi zenu, mbele ya vijana wako.

Kabla ya hapo, tengeni zamu moja na kipande kisicho na thamani. Kateni kwa kina cha milimita moja, kisha ongezeni nusu milimita kila pito mpaka mashine ianze kulia, mkirekodi kila pito na kuandika pembeni hali ya ukuta ilivyo kwa jicho na kwa kucha. Rudieni kwa kila kisu mnachokitumia sana. Mpaka wa uwiano uwekeni juu kidogo ya pito la mwisho lililotoka safi, na siku mtakayobadilisha kishikizio au urefu wa kisu, rudieni kipimo, kwa sababu tangu siku hiyo masafa yale hayatakuwa yaleyale.